Deni la Bodi na Jina Lako Benki: Mwongozo Kamili kwa Mhitimu wa Nyanda za Juu Kusini

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mjumbe wa kamati ya mikopo katika SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, moja ya hapa Mbeya, na sehemu kubwa ya maombi tunayoyapitia ni ya walimu, wauguzi, maofisa ugani na vijana waliomaliza vyuo wakarudi kwao Tukuyu, Vwawa, Makambako au Mafinga kulima na kufanya biashara. Karibu kila fomu ina mstari mmoja unaojirudia, nao ni makato ya Bodi ya Mikopo, yaani marejesho ya mkopo wa chuo. Waombaji wengi huunyooshea kidole mstari huo kana kwamba ndio uliowafikisha pabaya, lakini nikizipitia karatasi zao kwa utulivu ninakuta jambo tofauti. Sikumbuki hata mmoja aliyeangushwa na deni la Bodi lenyewe. Walioanguka walilikimbia deni hilo kwa miaka, wakashtukizwa na makato, kisha wakaziba pengo la mshahara kwa mikopo ya mtaani, na hiyo ndiyo iliyowamaliza.

Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kuzingatia hilo. Tutaanza na kulijua deni, tuje kwenye ulipaji wa mwajiriwa na wa aliyejiajiri, kisha tuingie kwenye madeni mengine na namna ya kulisafisha jina lako katika taarifa za wakopaji.

Deni hili ni la namna gani

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo wengi huiita HESLB au Bodi tu, iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Hata hivyo hukusanya pia mikopo iliyotolewa na Serikali tangu Julai 1994, kwa hiyo hakuna ajabu mtu mwenye wajukuu akipokea ankara.

Kinachowashangaza wengi ni ukubwa wa kiasi. Mhitimu hukumbuka bumu, yaani fedha ya chakula na malazi, kwa sababu ndiyo iliyopita mkononi mwake akaitia saini na kuitumia. Ada ililipwa moja kwa moja chuoni, na pamoja nayo kulikuwa na fungu la vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, utafiti na mafunzo kwa vitendo, kutegemea programu uliyosoma na asilimia ya mkopo uliyopangiwa. Mtu aliyesoma uhandisi miaka 4 hawezi kuwa na deni sawa na la mwenzake aliyesoma ualimu miaka 3, hata kama walilala chumba kimoja.

Jambo la pili ni muhimu zaidi, na bado kuna wanaolisikia kwa mara ya kwanza. Hadi mwaka 2021 deni lililobaki lilikuwa likiongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa ajili ya kulinda thamani ya mkopo. Tozo hiyo ndiyo iliyowafanya watu walipe miaka mitano na kukuta salio halijasogea. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta siku ya Mei Mosi ya mwaka 2021, na utekelezaji ukaanza Julai mwaka huo. Ada ya uendeshaji ya asilimia 1 ipo, lakini deni lenyewe halizai tena mwaka hadi mwaka. Katika madeni yote ambayo mtu wa kawaida anaweza kuwa nayo nchini, hili ni miongoni mwa yaliyo nafuu zaidi. Mpango wako wote wa kulipa utategemea hoja hiyo.

Hatua ya kwanza: ijue namba

Usianze kulipa wala kulalamika kabla hujapata taarifa ya deni. Taarifa hiyo hupatikana kupitia akaunti ya mnufaika katika mifumo ya Bodi, ambayo utaifikia kwenye tovuti ya heslb.go.tz, au kwa kufika katika ofisi ya kanda iliyo karibu, na kwa watu wa huku ofisi hiyo iko jijini Mbeya. Bodi humtambua mnufaika hasa kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne pamoja na mwaka wa mtihani, kwa hiyo nenda na namba hiyo, namba ya kitambulisho cha taifa na jina kamili kama lilivyoandikwa kwenye cheti cha sekondari. Aliyebadili jina kwa ndoa au kwa hati ya kiapo achukue na hati hizo. Nimeona dada mmoja wa Iringa akizungushwa miezi mitatu kwa sababu shuleni alikuwa na majina mawili na kazini ana matatu.

Ukiipata taarifa, ipitie mstari kwa mstari. Angalia mwaka wa masomo ambao hukupokea fedha kwa sababu uliahirisha. Angalia muhula ambao fedha zilirudishwa Bodi kwa kuwa hukusaini. Linganisha ada iliyoandikwa na ada ya chuo chako kwa mwaka ule. Ukiona kosa, liandikie barua ukiambatisha ushahidi, hasa barua ya chuo ya kuahirisha masomo. Kosa la mwaka mzima wa ada ni fedha nyingi kuliko utakachookoa kwa kujibana matumizi miaka miwili.

Ambaye hajaajiriwa na bado yumo ndani ya miezi 24 tangu amalize masomo yuko katika kipindi cha matazamio na halazimiki kuanza kulipa, lakini hapotezi kitu kwa kuitafuta namba yake mapema. Miezi hiyo hupita upesi.

Hatua ya pili, kwa mwajiriwa: soma salari slipu kama unavyosoma mkataba

Sheria, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, inamtaka mwajiri akate asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mnufaika na kuiwasilisha Bodi. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakikatwa asilimia 8, na ndiyo maana mabadiliko yale yaliwatikisa sana watumishi. Mwajiri pia anatakiwa kuitaarifu Bodi ndani ya siku 28 kwamba ameajiri mhitimu. Msisitizo ni kwenye mshahara wa msingi: posho ya nyumba, ya usafiri au ya kazi za ziada haimo katika hesabu hiyo.

Tuchukue mfano wa mtumishi wa umma mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Mchango wake wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wa asilimia 5 ni 40,000. Kiasi kinachobaki cha kutozwa kodi ni 760,000, na kodi yake kwa viwango vya sasa vya Tanzania Bara ni 68,000. Bima ya afya ya NHIF kwa asilimia 3 ni 24,000. Kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi kinachokata asilimia 2, ongeza 16,000. Bodi inachukua 120,000. Jumla ya makato ni 268,000, na mkononi zinabaki 532,000.

Sasa ingiza kanuni ya theluthi moja, ambayo ofisa utumishi na ofisa mikopo wote wanaitazama kabla ya kupitisha mkopo wa mshahara: makato yote kwa pamoja hayapaswi kumwacha mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Theluthi ya 800,000 ni takriban 266,700. Kwa hiyo nafasi iliyobaki kwa rejesho la mkopo mwingine wowote ni kama 265,300 kwa mwezi. Asingekuwa na deni la Bodi, nafasi hiyo ingekuwa 385,300. Hapo ndipo deni linapomgusa mtu kwa kweli: linapunguza kiasi anachoweza kukopeshwa. Mtumishi anayejaza nafasi yote ya 265,300 kwa mkopo wa benki wa miaka saba amejifungia mlango, kwa sababu ugonjwa wa kwanza nyumbani utampeleka kwa mkopeshaji wa mtaani. Sisi kwenye kamati humshauri mwanachama asitumie zaidi ya nusu ya nafasi hiyo, na wengi hutukasirikia.

Deni la 9,600,000 kwa makato ya 120,000 litakwisha kwa miezi 80, yaani miaka 6 na miezi 8. Ukijiongezea 40,000 kila mwezi kwa kulipa mwenyewe, litakwisha kwa miezi 60. Wazo hilo ni zuri, lakini lisubiri. Tutarudi kwake tukifika kwenye madeni mengine.

Jambo la mwisho kwa mwajiriwa ni la ufuatiliaji. Makato kuonekana kwenye salari slipu hakuthibitishi kwamba yamefika Bodi. Nilipokuwa nafundisha katika shule moja binafsi ya mkoa huu, nilikatwa miezi 11 mfululizo, na nilipoomba taarifa ya deni sikukuta hata shilingi moja iliyoingia kwa jina langu. Mhasibu aliniambia fedha zilitumika kulipia umeme na kwamba zingelipwa baadaye. Nilichofanya ni kukusanya salari slipu zote 11, nikaziambatisha na barua moja kwa mwajiri na nakala kwa Bodi, nikaomba muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Sheria inamwajibisha mwajiri, tena kwa adhabu, pale anapokata na kutowasilisha. Mtumishi mwenye karatasi zake hapaswi kulipa mara mbili. Bila slipu hizo ningebaki na maneno matupu. Kwa hiyo linganisha slipu na taarifa ya deni walau kila baada ya miezi mitatu, na uzihifadhi slipu nje ya kompyuta ya ofisi.

Hatua ya tatu, kwa aliyejiajiri: lipa kwa msimu, lakini lipa

Aliyejiajiri anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi, au kisichopungua shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa mtu mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanjelwa kiasi hicho kinaweza kutoka kila mwezi. Kwa mkulima wa mpunga wa Mbarali au Kyela, wa kahawa ya Mbozi, wa viazi mviringo au parachichi wa Njombe, kipato huja kwa mafungu mawili au matatu kwa mwaka, na kati yake kuna miezi ya kununua mbolea na kuomba mvua inyeshe kwa wakati.

Ushauri wangu kwa hawa ni kuigeuza hesabu ya mwezi iwe ya mwaka. Shilingi 100,000 kwa mwezi ni 1,200,000 kwa mwaka. Fedha ya mavuno ikiingia, kabla gunia la mwisho halijatoka ghalani, lipa mkupuo wa miezi sita mbele, na mkupuo wa pili uufunge kwenye zao jingine, mradi wa kuku au mbao. Malipo hufanyika kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, ile ambayo mtaani tunaiita kontro namba, ambayo hutolewa na mfumo wa Bodi na kulipiwa benki au kwa simu. Usimpe mtu yeyote fedha taslimu akulipie, awe wakala au rafiki anayefanya kazi ofisini. Namba hiyo ikifunguliwa kwenye simu huonyesha jina la taasisi inayolipwa; lisome kabla ya kuweka namba ya siri.

Msimu ukiharibika, wasiliana na Bodi kabla ya kusimama kulipa. Andika barua fupi yenye tarehe, eleza shughuli yako, eleza kilichotokea, taja kiasi unachoweza kutoa kwa sasa na mwezi utakaorudi kwenye kiwango cha kawaida, kisha anza kulipa kiasi hicho hata kabla ya kujibiwa. Historia ya malipo madogo yasiyokatika ina uzito mkubwa kuliko ahadi, na hilo nalisema kama mtu anayekaa upande wa pili wa meza. Kwenye kamati yetu, mtu aliyelipa 30,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja wa shida tunamwamini kuliko aliyenyamaza miezi kumi na mmoja akaja na 360,000 siku anayotaka mkopo mpya.

Hatua ya nne: yapange madeni mengine kwa ukali wake

Chukua daftari, si simu, uandike kila mtu na kila taasisi inayokudai: benki, SACCOS, VICOBA, duka la pembejeo, shemeji, mkopo wa kwenye laini ya simu. Mbele ya kila jina andika salio, rejesho la mwezi na riba kwa mwezi. Kwa kawaida orodha hiyo huumiza, na wapo wanaoiacha katikati. Imalizie.

Mikopo inayoitwa kausha damu, yaani ile ya mtaani yenye riba kali, haina uhusiano wowote na mikopo ya wakopeshaji wanaosimamiwa. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wenye leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mkopo wa 300,000 kwa riba hiyo unazaa 10,500 kwa mwezi. Mkopo uleule kwa asilimia 30, ambayo ndiyo inayotajwa vichochoroni bila aibu, unazaa 90,000. Mtu huyo akilipa riba tu kwa miezi minne amekwisha kutoa 360,000, na 300,000 za mtaji bado anadaiwa zote.

Kwa sababu hiyo, makato ya Bodi yaache yaende kama sheria inavyotaka, na kila shilingi ya ziada uielekeze kwenye deni lenye riba kali kuliko yote hadi life, kisha lifuatalo. Zile 40,000 za kuongeza kwenye deni la Bodi zitakuwa na maana siku ambayo hakuna anayekudai kwa riba. Kuna wanaonibishia kwa kusema deni la Serikali ndilo la kuogopwa, basi liishe kwanza. Ni kweli lina nguvu ya sheria, lakini ukilipa kiwango kinachotakiwa hakuna atakayekugusa, na deni lisilo na riba halikuongezei gharama ukilisubirisha.

Mara nyingi inafaa kuukusanya mkopo mkali na kuuhamishia mahali nafuu. Mwanachama wa SACCOS anaweza kukopa kwa riba ya chini akamlipa mkopeshaji wa mtaani kwa mara moja. Vijana na wanawake walio kwenye vikundi vilivyosajiliwa wana mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, isiyo na riba, ingawa hiyo imekusudiwa miradi na si kulipia madeni. Ukiichepusha utakiumiza kikundi kizima. Sharti la kuhamisha mkopo ni moja: kadi ya benki, salari slipu au hati ya shamba uliyomwachia mkopeshaji irudi mkononi mwako siku hiyohiyo, pamoja na karatasi iliyosainiwa kwamba hudaiwi. Anayekataa kuandika, lipa mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Kuhusu programu za simu zinazotoa mkopo ndani ya dakika tano, Benki Kuu ilitangaza Novemba 2024 orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali chake. Baadhi ya programu za aina hii hunyonya orodha ya namba zako zote, na ukichelewa siku mbili mjomba wako wa Kyela anapokea ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Kitendo hicho kinagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na malalamiko yake hupelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hifadhi picha za ujumbe kabla hujaufuta kwa hasira.

Hatua ya tano: tazama jina lako linavyosomeka

Benki na taasisi za fedha hupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu, na kampuni za taarifa za wakopaji zenye leseni ya Benki Kuu huzichakata na kuwauzia wakopeshaji ripoti. Kanuni za mfumo huo ni za mwaka 2012, na kampuni za mwanzo kupata leseni ni Creditinfo na Dun & Bradstreet. Bodi nayo hupeleka huko majina ya wadaiwa sugu, na ndiyo sababu mtu anaweza kukataliwa mkopo wa trekta kwa deni la chuo alilolisahau.

Una haki ya kuiomba ripoti yako mwenyewe. Iombe kwenye kampuni husika ukiwa na kitambulisho cha taifa, na uiombe kabla ya kuomba mkopo, si baada ya kunyimwa. Ukiipata, anza na utambulisho: je, majina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho ni vyako vyote? Kisha soma kila mkopo, ulio hai na uliofungwa, na siku za kuchelewa zilizoandikwa. Mkopo uliochelewa zaidi ya siku 90 huhesabiwa kuwa chechefu, na alama hiyo ndiyo inayomfanya ofisa mikopo afunge jalada bila kukuuliza swali la pili.

Soma kwa makini pia sehemu ya udhamini. Huku kwetu tunadhaminiana kwa undugu, kwa kanisa na kwa utani, mtu anasaini fomu ya shemeji yake huku akiendelea na mazungumzo. Mkopo huo ukilegalega, athari zake zinakufikia na wewe. Hiyo ndiyo taabu ninayoikuta kwa walimu wengi walio na nidhamu nzuri ya fedha zao wenyewe.

Ukikuta mkopo usioutambua, piga *106# kuona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Laini usiyoijua inaweza kuwa ndiyo iliyokopewa. Ifute kwenye ofisi ya mtandao husika, kisha utoe taarifa polisi ili upate karatasi ya kuambatisha kwenye malalamiko.

Hatua ya sita: kusahihisha na kujenga upya

Makosa kwenye ripoti ni ya aina mbili, na kila moja ina dawa yake. La kwanza ni taarifa isiyo sahihi, kama vile mkopo uliokwisha lakini unasomeka unadaiwa. Hili anza nalo kwa mkopeshaji aliyepeleka taarifa, kwa maandishi, ukiambatisha barua ya kumaliza deni na risiti, na nakala uipeleke kampuni ya taarifa. Usipopata jibu la kuridhisha, malalamiko hupanda Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya, na huko watakuuliza kwanza kama ulimwandikia mkopeshaji. Nenda na barua yenye muhuri wa kupokelewa.

La pili ni taarifa sahihi isiyopendeza. Ulichelewa, na imeandikwa kwamba ulichelewa. Hapo hakuna barua itakayosaidia, na yeyote anayekuambia kwamba ana mtu wa kulifuta jina lako kwenye mfumo kwa 150,000 anataka 150,000 zako. Kinachowezekana ni kulipa malimbikizo, kuhakikisha mkopo unasomeka umefungwa, kisha kuweka juu yake historia mpya.

Historia mpya hujengwa kwa mkopo mdogo unaolipwa kwa wakati. Kopa kiasi ambacho ungeweza kukilipa hata bila kukopa, tuseme 500,000 kwa miezi sita, na rejesho liwe linatoka siku mbili baada ya mshahara au siku ya mnada, si mwisho wa mwezi mfuko ukiwa mtupu. Kabla ya kufanya hivyo, uliza swali ambalo wanachama wetu karibu wote hawaliulizi: je, mkopeshaji huyu anapeleka taarifa zake kwenye kanzidata? VICOBA cha mtaa kinaweza kuwa kinakuheshimu sana, lakini benki ya Mbeya mjini haitajua kamwe kwamba ulilipa miaka mitatu bila kukosa. Kama hakipeleki, endelea nacho kwa faida zake nyingine, ila mkopo wa kusafishia jina uchukue kwa anayepeleka. Baada ya hapo usiombe mikopo mahali pengi kwa wakati mmoja. Maulizo matano ndani ya mwezi mmoja humwonyesha msomaji wa ripoti mtu anayetapatapa.

Deni la Bodi likiisha

Miezi mitatu kabla ya salio kufika sifuri, omba taarifa mpya ya deni na umpelekee ofisa utumishi, kwa sababu mfumo wa mishahara usiposimamishwa huendelea kukata. Ukikatwa kupita kiasi, andika dai la kurejeshewa ukiambatisha slipu za miezi iliyozidi na namba ya akaunti ya benki yenye jina lilelile lililo Bodi. Kisha omba cheti cha kumaliza mkopo, uhakikishe namba ya mtihani wa kidato cha nne iliyoandikwa ni yako, na baada ya wiki kadhaa uombe ripoti ya wakopaji kuona kwamba deni limesomeka limefungwa. Toa nakala tatu: moja ya jalada lako kazini, moja ikae na vyeti vya taaluma, na moja umpelekee aliyekudhamini ulipojaza fomu ukiwa na miaka 19, kwa kuwa jina lake limekaa kwenye fomu hiyo muda wote huo na pengine hajawahi kuambiwa kwamba limetoka.